Kufufua Peugeot 504 kwa Pesa Kidogo: Kweli au Uongo?

Katika miji mingi ya Kenya bado utaikuta Peugeot 504 imeegeshwa kando ya nyumba, matairi yamelala, nyasi zimeota hadi kwenye bampa. Ilikuwa ya baba, au ya mjomba aliyekuwa mwalimu mkuu, au ni ile ya safu tatu za viti iliyobeba abiria wa masafa marefu kabla ya matatu za Kijapani kutawala barabara. Aliyeirithi anaipenda. Mfuko wake hauna kitu, ila ana marafiki watatu wanne wanaojua kushika spana. Kinachomkwamisha kuliko hata uhaba wa pesa ni ushauri. Kila apitaye anasimama, anapiga tairi teke, anatoa hukumu, anaenda zake.

Gari lenyewe halistahili hukumu za haraka namna hiyo. Lilizinduliwa mwaka 1968, likatunukiwa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na zaidi ya milioni 3 yakaundwa. Ufaransa iliacha kuunda sedani yake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuyaunganisha magari ya 504 kwa miaka mingi baadaye. Ni gari ambalo mafundi wetu walilijua nje ndani, na elimu hiyo bado ipo kwenye vichwa vya wazee wa gereji.

Ninachotaka kusema ni hiki: pesa za kufufua gari la zamani hazipotei kwa sababu gari ni kuukuu. Hupotea kwa sababu zimetumika kabla ya kupima. Hebu basi tuyapime haya yanayosemwa, moja baada ya jingine.

1. "Halijawaka miaka mitano. Injini imekufa."

SI KWELI. Injini ya petroli ya enzi hizo inadai vitu vinne tu: petroli, hewa, cheche inayokuja kwa wakati wake, na kompresheni. Injini iliyolala muda mrefu kwa kawaida imekosa kimoja au viwili, na mara nyingi dawa yake ni ya bei ndogo.

Kabla hujagusa stata, toa plagi zote nne, mimina oili kidogo ndani ya kila silinda, acha ilale usiku kucha. Kesho yake weka gia huru na uzungushe injini kwa mkono, polepole, kwa spana kwenye boliti ya puli ya mbele. Ikizunguka, hofu kubwa kuliko zote imekwisha. Ikigoma, ongeza oili na uipe siku kadhaa zaidi. Usikubali wazo la kuifunga kamba na kuivuta kwa lori huku gia imeingia. Ringi zilizoshikwa na kutu hukatika, na hapo ndipo injini inapokufa kweli.

Sasa tafuta cheche. Fungua kifuniko cha disitribyuta utazame platini, yale meno mawili madogo yanayogusana na kuachana. Gari likilala, hushika ukungu wa kijivu ambao hauzidi unene wa karatasi, lakini unatosha kuzuia umeme. Pitisha msasa laini kati ya meno hayo, futa kwa kitambaa safi, kisha rekebisha pengo lifikie takribani milimita 0.4. Rudisha plagi moja kwenye waya wake, ilaze ikigusa chuma cha injini, mbali na matundu ya silinda na mvuke wa petroli, kisha mwenzako azungushe stata huku nyote mmeondoa mikono. Cheche ya buluu inayolia "tak, tak" ni habari njema. Ikiwa ya manjano na dhaifu, shuku kondensa kwanza, kisha koili.

Cheche ikipatikana, geukia petroli. Ile ya zamani imwage yote, kwa sababu petroli iliyokaa miaka huacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Kagua pia kiwambo cha mpira ndani ya pampu. Mpira ukishapasuka, hakuna petroli itakayofika juu hata ukizungusha stata mpaka betri izimike.

2. "Ukiwa na marafiki, fundi wa nini?"

NUSU KWELI. Kazi nyingi ya kufufua gari ni kufungua, kuosha, kukwangua kutu, kupanga na kurudisha. Hizo hazihitaji cheti, na ndizo zinazokula saa za fundi. Marafiki wakizibeba, bili inashuka sana. Tena zipo kazi zisizofanyika na mtu mmoja hata awe bingwa. Kutoa hewa kwenye breki ni mfano: mmoja yuko ndani, mwingine amelala kando ya gurudumu na spana ndogo.

"Kanyaga, kaka!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo, usiachie mpaka niseme."

Akiachia mapema, hewa inarudi ndani na mnaanza upya.

Lakini kusaga hedi iliyopinda, kukata viti vya valvu, na kuchomelea chuma kinachobeba uzito wa gari ni kazi za mwenye mashine na ujuzi. Hapo lipa. Pesa mliyookoa kwenye jasho ndiyo inayomlipa huyo.

Kuna jambo moja ambalo marafiki wa 504 lazima waambiwe mapema. Laina za silinda za injini hii hazikuchongwa kwenye bloku. Zimechomekwa, na maji ya kupoza huzizunguka. Kwa mwenye mfuko mdogo hiyo ni neema, kwani laina na pistoni zikichakaa unanunua seti mpya na kuzichomeka bila kuchonga bloku. Hatari yake ni kwamba hedi ikishatolewa hakuna kinachozishikilia chini. Mtu akizungusha krenki kwa udadisi tu, laina huinuka, sili ya chini inaachia, na maji hupenya hadi kwenye oili. Zibaneni kwa boliti na washa pana mara tu hedi inapotoka, na wote mjue kwamba krenki haiguswi.

Mteueni pia mkubwa wa kazi mmoja. Yeye ndiye anayeamua kinachofunguliwa leo, na yeye ndiye anayeandika. Kila boliti iingie kwenye kikopo chenye jina la ilikotoka, na kila waya upigwe picha kabla ya kuchomolewa. Mwenye gari naye ana wajibu wake: chai na chakula vipatikane, na pesa za spea zichangwe au zitengwe kabla ya siku ya kazi. Urafiki huvunjika haraka pale watu wanne wanapokaa kutwa nzima wakisubiri gasketi ambayo haikununuliwa.

3. "Jeki moja na vijana wenye nguvu vinatosha."

SI KWELI, na uongo huu unaua. Jeki imeundwa kuinua gari, haikuundwa kulishikilia. Mpira wa ndani ukivuja, gari linashuka bila kubisha hodi, na hakuna vijana watakaowahi kulikamata likiwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Weka stendi za chuma kwenye sakafu ngumu, wekea kabari magurudumu yaliyobaki chini, mbele na nyuma, kisha tikisa gari kwa mikono kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Tofali la bloku halifai hata kidogo, kwa sababu hupasuka ghafla. Kama stendi hamna, azimeni kwenye gereji ya jirani, au fanyeni kazi za juu siku hiyo.

Kwa kuwa tuko kwenye usalama, shikeni mengine mawili. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke uliobaki hulipuka, hivyo lisiguswe na moto wa kuchomelea kabla ya kusafishwa na mtu anayeijua kazi hiyo. Na vumbi la shoo za breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Breki za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikiingia mapafuni haitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa hicho.

4. "Anza na rangi, upate moyo wa kuendelea."

SI KWELI. Hiki ndicho chanzo cha magari mengi yanayong'aa na yasiyotoka getini. Rangi ni ghali, na hedi au giaboksi ikija kutolewa baadaye, itakwaruzwa tu. Utaratibu unaolinda pesa ni huu: kwanza gari lisimame, yaani breki na matairi. Pili lipoe, yaani rejeta, pampu ya maji na mipira yake. Tatu liende, yaani cheche, petroli, klachi. Nne lionekane na lione, yaani taa na waipa. Rangi ni ya mwisho.

Kitu kimoja cha bodi hakingoji zamu. Ni kutu ya chini, kwenye vizingiti vya milango na pale sakafu inapokutana na boriti. Bonyeza kwa bisibisi. Ikizama, usizibe kwa pati na kupaka rangi juu, kwa sababu pati haibebi uzito. Na kama kutu imekula pande zote mbili mpaka milango haifungi sawasawa, mna sababu ya kweli ya kulifanya gari hilo kuwa ghala la spea na kutafuta bodi nyingine.

5. "Mafuta ya breki yakiisha, oili yoyote inashika."

SI KWELI. Oili ya injini huvimbisha mipira iliyo ndani ya masta silinda na silinda za magurudumu. Siku ya kwanza pedali inashika vizuri, baada ya siku chache breki zinang'ang'ania au zinatoweka. Utalazimika kubadilisha kila mpira kwenye mfumo mzima kwa sababu ya kopo moja mlilotaka kuokoa. Maji ya sabuni nayo, yakitumika badala yake, huchemka kwenye mteremko na kuleta kutu.

Mafuta ya breki halisi pia huzeeka, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani. Gari lililolala miaka linahitaji mapya kutoka mwanzo hadi mwisho. Kagua na zile paipu za mpira zinazoelekea magurudumuni. Zinaweza kuonekana nzima kwa nje ilhali ndani zimevimba na kufunga njia. Kwenye breki usitafute cha bei ya chini.

6. "Nchi yetu ina joto. Toa thamostati utupe."

SI KWELI, ingawa utalisikia kwenye gereji nyingi kutoka Mombasa hadi Kisumu. Thamostati haileti joto. Kazi yake ni kuiacha injini ifike haraka kwenye joto linaloifaa na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini hukaa baridi, hula petroli zaidi na kuchakaza silinda. Isitoshe, kwenye injini nyingi kuitoa huharibu mpangilio wa mzunguko wa maji. Kama gari linachemka, chanzo kiko kwingine: rejeta iliyoziba, belti iliyolegea, kifuniko kisichobana tena, gasketi iliyoungua.

Katika 504 nyingi kuna mshukiwa mwingine ambaye wageni wa gari hili hawamjui, naye ni feni. Peugeot iliiunda ijishike kwa sumaku ya umeme pale tu maji yanapopata joto, ili isile nguvu ya injini bure. Waya ukikatika au swichi yake ikifa, feni inabaki huru. Kwenye barabara wazi gari halichemki kwa sababu upepo unatosha, lakini ukiingia kwenye foleni sindano inapanda. Watu wamewahi kung'oa hedi nzima kwa kosa la waya mmoja. Injini ikiwa moto na gari limesimama, tazama feni, bila kuigusa, uone kama imeshika mwendo wa puli.

Maji ya bomba pekee hayatoshi. Hedi ya 504 ni ya alumini na bloku ni ya chuma, na metali mbili hizo zikikaa kwenye maji yasiyo na dawa, alumini huliwa. Faida ya pili ya dawa ya rejeta ni kuongeza kiwango cha kuchemka. Hilo lina uzito kwa wakazi wa Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100.

7. "Petroli ya siku hizi haina risasi. Itaunguza valvu zake."

KWA 504, SI KWELI. Hofu hii ina asili ya kweli. Risasi iliyokuwa kwenye petroli ililinda viti vya valvu, na nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006. Injini zilizo hatarini ni zile za hedi ya chuma cha kalibu ambamo viti vya valvu vilikatwa kwenye chuma chenyewe, hasa zinapoendeshwa kwa kasi kwa muda mrefu. Hedi ya alumini haiwezi kuwa kiti cha valvu, kwa hiyo viti vigumu vilichomekwa tangu kiwandani. Usinunue chupa za kuongezea kwenye tangi. Pesa hizo nunua plagi na fyulta.

8. "Spea zake hazipatikani tena."

NUSU KWELI. Taa za nyuma, vioo, vipande vya urembo vya chuma na vitambaa vya viti ni kazi kuvipata, na hivyo utavitoa kwenye magari yaliyokufa. Spea zinazochakaa ni habari nyingine. Beringi huwa na namba iliyochongwa ubavuni, na sili za oili zina vipimo vyake. Iandike namba hiyo, ipeleke kwenye duka la beringi, usitaje hata jina la gari. Injini ya lita 2 ya 504 ilitumika pia kwenye 505, kwa hiyo mlango wa pili uko wazi.

Jijini Nairobi, Kirinyaga Road na vichochoro vya Grogan bado vina watu wanaotambua kifaa cha Peugeot kwa kukishika tu. Nenda na kile cha zamani mkononi, usiende na maelezo. Ulizia bei zaidi ya sehemu moja, na kabla ya kununua kipya uliza kama kilichopo kinaweza kukarabatiwa. Stata, altaneta na pampu ya maji mara nyingi hufufuka kwa brashi, bushi na beringi mpya.

9. "Gari kuukuu ni la kuegeshwa, si la safari."

SI KWELI, likiandaliwa. Historia ya Safari Rally inatoa ushahidi. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda pamoja na Chris Rothwell mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, kaka mkubwa wa 504. Nayo 504 ikaja kushinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 ile ya milango miwili yenye injini ya V6 ikaendeshwa na Jean-Pierre Nicolas.

Magari hayo yalishinda kwa sababu kila boliti ilikuwa imekaguliwa kabla ya kuondoka. Fanya vivyo hivyo kwa kiasi chako. Safari za kwanza ziwe za mtaani. Baada ya kila moja, gusa magurudumu uone ni lipi limepata joto kupita mengine, tazama chini kama kuna tone, pima oili na maji, kaza vilivyolegea. Linapokubali mwendo wa mjini kwa wiki kadhaa bila malalamiko, lipeleke kijijini. Beba platini, kondensa, belti, paipu moja ya maji, waya na plaizi. Hakuna kompyuta ya kulifungia njia, na kwa vitu hivyo vichache tu utarudi nyumbani.

10. "Litengeneze, uliuze kwa faida."

MARA NYINGI SI KWELI. Ukijumlisha matairi, breki, rejeta, kazi za mashine na rangi, utakuta umetumia zaidi ya bei ambayo mnunuzi yuko tayari kuitoa. Anayetafuta faida afanye biashara nyingine. Anayefufua 504 afanye kwa sababu analitaka lenyewe, kwa sababu lilimpeleka mama yake hospitali au lilimfikisha shule ya bweni, na kwa sababu anataka vijana wa mtaa wajifunze kwa mikono yao jinsi gari linavyofanya kazi. Thamani hiyo ni halali, na haina haja ya kujificha nyuma ya neno uwekezaji.

Kwa hiyo, mwenye gari lililolala, usisubiri mpaka upate fungu kubwa. Jumamosi hii ita marafiki wawili, andaa chai, toeni plagi nne, mimineni oili, na Jumapili mjaribu kulizungusha kwa mkono. Kisha andikeni kwenye karatasi mlichokiona, si mlichoambiwa. Na wakati ungalipo, mtafute yule mzee wa gereji aliyekuwa akiyahudumia magari haya, umwombe aketi nanyi siku moja. Spea tutaendelea kuzipata. Ujuzi wa wazee hawa, tusipouchukua sasa, hautauzwa dukani.